Gofu: mpini mpya uchaguliwe kufwatana na mzungusho wa mchezaji, si kufwatana na herufi iliyoandikwa juu yake

Mpini wa fimbo ya gofu ukivunjika, ao ukiwa hauendani tena na nguvu za mwenye nao, wachezaji wengi hukimbilia jambo moja tu: kutafuta mwingine wenye herufi ileile, ao wenye jina la kampuni wanayoiona kwenye televisheni. Ndiyo njia ya haraka, lakini mara nyingi ndiyo njia ya kupoteza feza. Herufi ya mpini haina kipimo kimoja duniani, na mpini unaomfaa bingwa wa Marekani unaweza kumharibia mchezo mtu wa Lubumbashi ao wa Kinshasa anayecheza siku ya Jumapili tu.

Swali hili lina uzito wa pekee hapa Congo. Gofu ina historia ndefu katika miji hiyo miwili. Lubumbashi ina hata mtaa mzima unaoitwa Golf, na mjini Kinshasa uwanja uko katikati ya wilaya ya Gombe. Lakini makampuni makubwa yanayotengeneza mipini yako mbali: True Temper huko Marekani, na Nippon Shaft, Fujikura, Mitsubishi na Graphite Design huko Japani. Anayekosea katika kuchagua hawezi kurudi kesho yake kubadilisha. Mpini mmoja wa chuma unaweza kuuzwa dola 30 za Marekani, na ule wa kaboni wa bei kali ukapita dola 300, bila kuhesabu usafirishaji. Na kijana anayejifunza mchezo kwa fimbo alizoachiwa na mtu mwingine hutumia mipini iliyokatwa kwa kimo na nguvu za yule mwingine. Akishindwa kunyoosha mpira, anaweza kudhani kosa liko mikononi mwake, kumbe liko kwenye fimbo.

Kazi ya mpini ni nini hasa

Fimbo ya gofu ina sehemu tatu: kichwa kinachopiga mpira, kishikio cha mpira laini kinachoshikwa na mikono, na mpini unaounganisha hizo mbili. Wengi huamini kwamba mpini hufanya kazi kama upinde: unajikunja, kisha unajifyatua na kusukuma mpira. Ukweli hauko hivyo. Kichwa kinagusana na mpira kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda mfupi namna hiyo mpini hauna nafasi ya kuongeza nguvu yoyote. Kazi yake imekwisha kabla kichwa hakijafika kwenye mpira.

Kazi hiyo hufanyika wakati fimbo inaposhuka kutoka begani, safari inayochukua karibu robo ya sekunde. Mwanzoni mikono inavuta na kichwa kinabaki nyuma, hivyo mpini unajikunja kuelekea nyuma. Fimbo inapokaribia mpira, mambo yanageuka. Uzito wa kichwa hauko juu ya mstari wa mpini, uko pembeni yake. Mwendo mkali unaufanya uzito huo ujipange sawa na mikono, na mpini unajikunja kuelekea mbele na chini. Kichwa kinafika kwenye mpira uso wake ukiwa umeinuka kidogo na kujifunga kidogo kuliko ulivyokuwa fimbo iliposimama chini.

Kwa hiyo mpini ni chombo cha kupanga saa. Ukiwa laini kupita kiasi kwa nguvu za mchezaji, uso unaweza kujifunga mno: mpira unapanda sana na, kwa anayetumia mkono wa kuume, unakwenda kushoto. Ukiwa mgumu kupita kiasi, uso unaweza kufika ungali wazi: mpira unaruka chini, unaelekea kuume na kupoteza mita. Hata hivi, mwili wa mtu hujirekebisha bila yeye kujua. Ndiyo maana watu wawili wenye nguvu sawa wanaweza kupata matokeo tofauti kwa mpini mmoja, na ndiyo maana hakuna mpini unaoweza kuchaguliwa kwa karatasi peke yake.

Kutoka mti hadi kaboni

Hapo zamani mipini ilikuwa ya mti, hasa mti mgumu wa Amerika uitwao hickory. Mti huo ulikuwa na sifa ya kutovunjika ovyo, lakini ulijipinda na pia kujisokota, na kila mpini ulikuwa na tabia yake. Mchezaji alilazimika kujifunza fimbo zake moja moja. Shirikisho la gofu la Marekani, USGA, liliruhusu mipini ya chuma mwaka wa 1924, na wakubwa wa mchezo huko St Andrews, Scotland, wakafuata mwaka wa 1929. Bobby Jones alishinda mashindano yake manne makubwa ya mwaka wa 1930 akiwa na mipini ya mti. Mwaka uliofuata, Billy Burke alishinda US Open kwa mipini ya chuma.

Mwaka wa 1969 injinia Frank Thomas, katika kampuni ya Shakespeare ya Marekani, alitengeneza mpini wa grafiti, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Leo karibu kila draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, ina mpini wa namna hiyo. Kwa fimbo za namba, zile zenye kichwa chembamba cha chuma, mabingwa wengi wamebaki na mipini ya chuma. Lakini hilo nalo si sheria: Bryson DeChambeau alishinda US Open ya mwaka wa 2020 na ile ya 2024 akitumia kaboni hata kwenye fimbo za namba, na hakuna anayeweza kusema kwamba mtu huyo hana nguvu. Wazo la kwamba grafiti ni ya wazee na wanawake limekwisha pitwa na wakati.

Herufi tano zisizo na kipimo kimoja

Ugumu wa mpini huandikwa kwa herufi. L ni laini kabisa, inafuata A, ambayo wengine huiandika M, kisha R ya kawaida, S ngumu na X ngumu zaidi. Shida ni kwamba hakuna mkataba wowote kati ya makampuni juu ya maana ya herufi hizo. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya kampuni nyingine. Project X hutumia namba, kama 5.5, 6.0 na 6.5. Kwa upande wa Dynamic Gold, mpini wa chuma unaojulikana sana, mtu akisoma S200, S300 na S400 anaweza kudhani ugumu unapanda, kumbe S ndiyo inayoonyesha ugumu na ile namba inahusu uzito tu.

Fundi mwenye vifaa hasomi herufi. Anaufunga mpini upande wa kishikio, anauvuta kidogo upande wa kichwa na kuuachilia, kisha anahesabu unatikisika mara ngapi kwa dakika. Kadiri mara zinavyoongezeka, ndivyo mpini ulivyo mgumu. Kipimo hicho kinawezesha kulinganisha mipini ya makampuni mbalimbali, na kinafaa sana kwa fimbo zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha tumiwa, kwani hutokea kwamba fimbo namba 7 ndani ya mfuko ikawa laini kuliko ndugu zake sababu mpini wake ulibadilishwa zamani bila uangalifu.

Kupima mzungusho bila mitambo mikubwa

Jambo la kwanza ni kasi ya kichwa cha fimbo. Kwa draiva, maduka mengi hutumia hesabu inayokaribia hii: chini ya kilomita 120 kwa saa, L, kati ya 120 na 135, A, kati ya 135 na 155, R, kati ya 155 na 170, S, kupita 170, X. Mabingwa wa ligi ya Marekani wanapiga kwa wastani wa karibu kilomita 185 kwa saa, na hapo ndipo inaonekana kwa nini kununua mpini wao ni sawa na kuvaa viatu vya mtu mwingine.

Asiye na rada anaweza kutumia umbali. Aangalie ni fimbo gani inayomfikisha mita 140 mpira ukiwa hewani, bila kujikaza. Akihitaji namba 5 ao fimbo ndefu zaidi, aanzie kwenye A ao R laini. Akitumia namba 6 ao 7, aangalie R, na S akiwa na mwendo wa haraka. Akitumia namba 8 ao 9, S na X ndizo za kujaribiwa. Vichwa vya fimbo vya siku hizi vimesimama wima zaidi, kwa hiyo namba 7 ya leo huenda mbali kama namba 6 ya zamani. Hesabu hiyo ni mahali pa kuanzia tu.

Mchezaji wa Haut-Katanga aongeze hesabu nyingine. Lubumbashi iko kwenye urefu wa karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya Kinshasa, iliyo chini sana kando ya mto. Pigo linalopeleka mpira mita 150 mjini Kinshasa linaweza kuufikisha mita 5 hivi mbele zaidi mjini Lubumbashi, nguvu zikiwa zilezile. Anayejipima kwa umbali tu kule juu anaweza kujidanganya kwamba amekuwa mwenye kasi, akachukua mpini mgumu usiomfaa.

Jambo la pili ni mwendo wenyewe. Kuna mtu anayepandisha fimbo polepole, anatulia kidogo juu, kisha anaishusha kwa utaratibu. Mwingine anaikwapua kutoka juu kwa ghafla. Kasi yao kwenye mpira inaweza kuwa moja, lakini yule wa pili anaukunja mpini zaidi. Yeye huhitaji kwa kawaida mpini mgumu zaidi kidogo ao mzito zaidi, na yule mtulivu anaweza kushuka ngazi moja bila hasara.

Uzito huonekana kabla ya ugumu

Mafundi wengi huanza na uzito, sababu mkono wa mtu unausikia mara moja. Mipini ya draiva ina gramu 40 hadi 80 hivi. Ile ya chuma ya fimbo za namba inakwenda kati ya gramu 90 na 130, na ile ya kaboni inaweza kushuka hadi gramu 50. Mpini mwepesi humsaidia mzee, kijana mdogo ao mtu anayechoka kabla ya shimo la 18 kuzungusha fimbo kwa kasi. Lakini ukiwa mwepesi kupita kiasi kwa mtu mwenye nguvu, mikono inakimbia mbele ya mwili na mpira unatawanyika pande zote. Mpini mzito huleta utulivu, ila huchosha. Dalili yake ni kwamba mchezaji anapiga vema mashimo ya kwanza, kisha mipira inaanza kwenda chini na kuume.

Kuna pia swali la afya. Chuma hupeleka mtetemo mwingi mikononi, hasa kwenye udongo mgumu wa kiangazi, wakati kichwa kinapogonga ardhi. Wachezaji wengi wenye maumivu ya kiwiko ao ya kifundo cha mkono huhamia grafiti kwa sababu hiyo. Mpini si dawa, na maumivu yasiyoisha ni ya kupelekwa kwa daktari; lakini kuendelea kupiga na fimbo nzito huku kiwiko kinauma ni kujiongezea mzigo.

Vipimo vingine viwili huandikwa kwenye matangazo. Kimoja ni kiasi cha mpini kujisokota, kinachohesabiwa kwa digrii: wenye digrii nyingi unajisokota kwa urahisi na unaleta hisia laini mkononi. Kingine ni mahali mpini unapojikunja zaidi: ukijikunja karibu na kichwa, mpira hupanda kidogo zaidi, ukijikunja karibu na mikono, mpira hukaa chini. Tofauti hizo zipo, lakini ni ndogo kuliko ile ya uzito, ugumu na urefu. Mtu asiziwekee feza kabla ya hayo matatu kuwa sawa.

Urefu na tundu la kichwa

Sheria inakataza fimbo kupita sentimita 121.9, isipokuwa ile ya kusukumia mpira shimoni. Tangu mwaka wa 2022, mashindano ya mabingwa yanaweza kuweka mpaka wa sentimita 116.8. Draiva za madukani zinakaribia sentimita 115, na wengi hufikiri kwamba kuongeza urefu ni kuongeza umbali. Hilo ni kweli ikiwa tu mpira unapigwa katikati ya uso. Mtu anayegonga mpira pembeni kila mara atapata mita nyingi zaidi kwa kukata sentimita 2 kuliko kwa kununua mpini wa ajabu. Kwa fimbo za namba, fundi hupima umbali kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi chini, mchezaji akiwa amesimama wima na viatu vyake, mikono ikining'inia. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono ya urefu tofauti.

Kabla ya kulipa, kuna kipimo kidogo kinachosahauliwa sana: unene wa ncha ya mpini inayoingia ndani ya kichwa. Kwa draiva nyingi ni milimita 8.5. Kwa fimbo za namba kuna aina mbili, milimita 9.4 kwa mipini yenye ncha iliyonyooka, na milimita 9.0 kwa ile yenye ncha inayopungua unene. Mpini mnene hauingii katika tundu jembamba, na mwembamba unalegea katika tundu kubwa. Draiva za kisasa zinafungwa kwa skurubu kupitia kipande maalum, na kipande cha kampuni moja hakiingiani na kichwa cha kampuni nyingine. Mpini mzuri wenye kipande kisichoingiana hauna faida hadi fundi akibadilishe.

Kazi ya fundi isichezewe

Kutoa mpini wa zamani hufanyika kwa moto wa kadiri unaolainisha gundi iliyo ndani ya kichwa. Wa chuma unaweza kuzungushwa na kuvutwa. Wa kaboni hauzungushwi. Huvutwa moja kwa moja kwa chombo chake, la sivyo nyuzi zinapasuka ndani na hauwezi kutumika tena. Kukata mpini wa kaboni kunataka msumeno wenye meno madogo sana na utepe uliofungwa mahali pa kukata, na fundi afunike pua na mdomo, sababu vumbi lake si zuri kuvutwa mapafuni.

Mahali pa kukatia nako kuna maana. Kukata upande wa ncha kunaufanya mpini uwe mgumu zaidi. Kukata upande wa kishikio kunapunguza urefu na kufanya kichwa kisikike chepesi. Baada ya kukwaruza ncha na kupaka gundi ya epoksi, fimbo nyingi huachwa saa 24 kabla ya kupigwa. Haraka hapa ni hatari kwa wengine: kichwa kilichofungwa vibaya kinaweza kuchomoka na kuruka kwa kasi kubwa kuelekea waliosimama mbele, na mara nyingi aliye karibu ni kijana anayebeba mfuko.

Kujaribu kwa haki

Njia nzuri ya kuamua ni kupiga mipira, si kusoma matangazo. Mchezaji achukue mipini miwili ao mitatu kwenye kichwa kilekile, mipira ya aina moja, na apige mara 10 kwa kila mmoja, akipumzika katikati. Mtu mwingine afunike maandishi kwa utepe ili jina na herufi visimshawishi. Poda kidogo juu ya uso wa fimbo itaonyesha mpira unagongwa wapi. Kisha asihesabu pigo moja refu lililomfurahisha, ahesabu jinsi mipira yote 10 ilivyotawanyika. Mpini unaoweka mipira 8 ndani ya njia ni bora kuliko ule uliorusha mmoja mbali na kupoteza mine porini.

Kwa anayelazimika kuagiza bila kujaribu, fundi huanzia kwenye mpini anaoupiga vema zaidi ndani ya mfuko wake mwenyewe. Anapimwa uzito, urefu, mtikisiko na unene wa ncha, na mpya unatafutwa karibu na vipimo hivyo. Na kwa aliyevunjikiwa na mpini katikati ya mashindano, sheria za mwaka wa 2023 zinamruhusu kubadilisha fimbo iliyoharibika, mradi hakuiharibu mwenyewe kwa hasira.

Mpini haumfundishi mtu kucheza. Anayekata mpira kuelekea kuume sababu mikono yake inapita njia mbaya ataendelea kuukata hata akiwa na mpini wa dola 300, na feza hizo zingemlipia masomo kadhaa kwa mwalimu. Lakini mwenye mzungusho unaorudiarudia, hata kama ni wa polepole, anastahili fimbo inayomfuata. Kwake, mpini wa dola 30 uliopimwa vizuri unaweza kufanya kazi kuliko ule uliobeba jina la bingwa.